Pua ya Mzabibu

Mavyaa hasemi tuzike. Husema tulaze.
Neno kuzika, kwake, lina wenyewe,
na bustani haijafika huko.

Ni wiki ya pili ya Novemba hapa Khorezm.
Pamba imekwisha kuchumwa, mashambani yamebaki mabua,
na upepo wa jangwani umebadili tabia:
jana ulipuliza, leo unakwaruza.
Kwa jirani Matyokub wamelaza mizabibu yao tangu Jumapili.
Mavyaa aliyaona hayo juu ya ukuta,
na tangu siku hiyo chai yake haina sukari wala salamu.

Mwaka jana kazi hii ilikuwa ya Davlatyor.
Mwaka huu Davlatyor anapanga matofali Kazan,
nami nimeachiwa sepetu yake,
mpini umelainishwa na viganja visivyo vyangu.

“Kata kamba kwanza. Si hiyo.
Na hiyo nayo si hiyo.”
Nakwea kichanja, nafungua vitambaa tulivyofunga Aprili,
vipande vya shuka iliyochakaa, maua yake yamefifia.
Mizabibu inashuka mmoja mmoja, mizito,
kama wagonjwa wanaoteremshwa garini,
kila mmoja akitafuta pa kujishikilia.

Mtaro una kina cha goti langu.
Chini, matete makavu. Juu yake shina,
likunjwe taratibu, lisikilizwe.
“Likilia kii, endelea.
Likilia ka, umeua.”

Mkomamanga tuliufunga mikono,
ukanichoma mara nne kabla ya kukubali.
Kuku walikuja kukagua.

Kisha ukafika ule wa husaini,
zabibu zake ndefu kama vidole vya bibi harusi,
ule ambao Davlatyor huuulizia kabla hajaniulizia mimi.
Nilikuwa nimechoka. Sepetu iliteleza.
Haukulia kii, haukulia ka.
Ulifunguka tu, upana wa vidole viwili,
nyama nyeupe, ukingo wa kijani,
mbichi kabisa, na mimi nilidhani umeshasinzia.

Nikatazama: mavyaa alikuwa anagombana na jogoo.
Nikapaka tope.
Nikageuza jeraha likatazama chini.

Alikuja. Aliinama, magoti yake yakalia ka, yote mawili.
Akaligeuza shina juu.
Akaliangalia kwa muda wa mtu anayesoma barua fupi mara ya pili.
Kisha akachana upindo wa kitambaa chake cha kichwani,
akazungusha mara tatu, akafunga fundo,
akalirudisha shina kama nilivyokuwa nimeliweka.
“Mabua,” akasema.

Nikaleta mabua ya pamba, tukayatandaza.
Kisha udongo, pakacha baada ya pakacha,
tukaupigapiga kwa mgongo wa sepetu.
Dilmurod, miaka mitano, alisimama na kipande cha mkate:
“Itapumuaje?”
Nikamwonyesha fungu la matete lililochomoza
kwenye kila tuta, upande wa kichwa.
Akainama, akapuliza ndani, akatega sikio.
“Hazijibu.”
“Zimelala,” nikamwambia. “Wewe ukilala hujibu?”

Jioni simu ikalia.
“Mmeshalaza?”
“Tumelaza.”
“Na wa husaini?”
Mavyaa alikuwa kando yangu, anayafunga matikiti
kwa kamba za matete, ayaning'inize darini.
“Umelala,” akapaza sauti kabla sijafungua kinywa,
“tena kabla ya yote.”
Hakuniangalia. Alikaza kamba kwa meno.

Usiku maji ya ndoo yalishika ukoko.
Niliamka bila kujua kilichoniamsha,
nikachukua tochi, nikajitanda koti la Davlatyor.
Nje theluji ya kwanza, nyepesi kama unga uliomwagika,
na matuta yote yametulia, pua juu.
Nyayo za viatu vya mpira zilikuwa zimenitangulia,
ndogo, zimepinda kidogo upande wa kushoto,
zimekwenda moja kwa moja hadi tuta la husaini,
zikasimama hapo, zikazunguka, zikarudi.

Nilizima tochi.
Nikakanyaga mlemle.